Dola milioni 500 za Vita vya Kagera: hesabu gani imeachwa nje?

Swali: Ndugu mchumi, kila ninaposoma naambiwa Vita vya Kagera dhidi ya Uganda ya Idi Amin viliigharimu Tanzania dola milioni 500. Hesabu hiyo inapigwaje? Na kama nchi ilikuwa na mipango ya ulinzi, mbona gharama hizo hazikuonekana mapema? *Mwanafunzi wa uchumi, Mwanza*

Jibu: Ndugu yangu, takwimu hiyo ndiyo inayotajwa sana, nami siikatai. Ila ni ile sehemu ya gharama yenye risiti: silaha, risasi, mafuta, chakula, posho. Jeshi la watu wapatao 40,000 lilipanuka kwa miezi michache hadi kupita 100,000, wakiwemo mgambo, na kila mmoja alihitaji buti, bunduki na mlo. Hayo mhasibu anayajumlisha.

Mazito ni yale yasiyo na risiti. Chukua lori moja. Vita vilipoanza, magari ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari na shehena Kagera. Kwenye vitabu, lori hilo ni dizeli na mshahara wa dereva tu. Lakini pamba ambayo lingeitoa kijijini kwenda kwenye kinu imebaki ghalani. Pamba isiyofika bandarini haileti dola, na bila dola hakuna vipuri. Sasa lori lenyewe linarudi springi zimekatika, matairi yamekwisha, linaegeshwa juu ya mawe. Msimu unaofuata nao pamba inalala. Vita vimekwisha, gharama bado inazaa, wala hakuna fungu la bajeti linaloibeba. Hiyo ndiyo tunaita gharama ya fursa, na kwa nchi maskini ndiyo gharama yenyewe hasa.

Shilingi serikali iliweza kukopa Benki Kuu. Mwaka 1980 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 30. Dola za kigeni serikali haikuwa na pa kuzikopa kirahisi. Hapa lazima uwe mwangalifu: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, bei nzuri ya kahawa ya mwaka huohuo ikaporomoka, na 1979 mafuta yakapanda tena duniani. Anayesema vita peke yake ndivyo vilivyoleta foleni za sabuni na sukari anakosea. Anayeishia kwenye milioni 500 naye anakosea, tena zaidi.

Kuhusu mipango: uadui wa Amin ulijulikana tangu 1971. Hata hivyo, majeshi yake yalipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, mpakani kulikuwa na askari wachache mno, na kikosi kikubwa cha upande huo kilikuwa Tabora. Wengi huita huo uzembe. Mimi sikubali. Kuweka brigedi kila mpaka, mwaka hadi mwaka, ni zahanati na visima visivyojengwa. Mpangaji anapima hasara ya uhakika ya kila mwaka dhidi ya balaa ambalo huenda lisije kamwe. Siku likija, watu wa Kagera ndio wanaolipa kwa roho zao, na hilo lisisahaulike tunapocheza na majedwali.

Kikomo kingine cha mipango ni kwamba lengo hubadilika njiani. Bajeti husomwa Juni. Nani Juni 1978 angeandika kwamba daraja la Kyaka kwenye Mto Kagera litalipuliwa, Libya itamletea Amin askari, na jeshi letu, likishamfukuza adui, litasonga mbele hadi kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 na kubaki Uganda hadi 1981? Tungeishia mpakani, bili ingekuwa nyingine kabisa. Uamuzi wa kuvuka ulikuwa wa kisiasa na wa kiutu, na naamini ulikuwa sahihi. Lakini haukuwa kwenye mpango wowote wa fedha.

Mwalimu Nyerere, rais wetu wakati huo, alituomba tufunge mikanda miezi 18. Desemba 1979 Edwin Mtei alijiuzulu uwaziri wa fedha kwa kutoafikiana naye juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na mpango mkubwa wa kufufua uchumi ulianza 1986. Kwa hiyo kama unaandika tasnifu, usiishie 1979. Chukua akiba ya fedha za kigeni, tani za mazao yaliyouzwa nje na uagizaji wa vipuri, mwaka kwa mwaka kuanzia 1976 hadi 1986, kisha utenganishe athari ya bei ya mafuta kwanza. Kinachobaki ndicho cha kuchunguza.