Usilipie kusoma jeni ya ERG11 kama huna kimelea cha kwanza cha mgonjwa

Ndugu, simamisha hayo malipo kwanza. Unasema una Candida albicans, ile chachu inayoambukiza watu, za wagonjwa wa Bukavu ambazo flukonazoli, dawa ya fangasi, haiziwezi tena, unataka jeni ya ERG11 isomwe ng'ambo kwa ajili ya memwari yako ya kumalizia masomo, na unauliza bei, agari ya kufaa ya kuoteshea na namna ya kuvusha sampuli mpakani, mto Ruzizi. Hukuuliza lililo kubwa: je, unacho kimelea cha mgonjwa huyohuyo kilichochukuliwa kabla hajaanza dawa?

Mimi sikuwa nacho. Msimamizi wangu alinihakikishia kwamba ERG11 inatosha, kwa kuwa ndiyo yenye maelekezo ya kimeng'enya ambacho flukonazoli hukiziba, na kimeng'enya hicho kikizibwa chachu hukosa ergosteroli ya utando wake. Hadi hapo alisema kweli. Nikalipa dola ambazo mama mkubwa alikuwa ametenga kwa ajili ya mabati, majibu yakaja yakionyesha badiliko la E266D (yaani asidi amino ya 266 ya kimeng'enya imegeuka kutoka E kuwa D), nami nikaliandikia sura nzima. Siku ya kutetea, mjumbe mmoja wa jopo akaniuliza kwa upole wa kutisha kama nilijua kwamba E266D, pamoja na D116E na K128T, huonekana pia katika vimelea ambavyo dawa inavimudu vizuri. Nilimgeukia msimamizi, alikuwa akitafuta miwani yake, nayo ilikuwa usoni. Mtu anayelipwa kusoma kabla yangu alipaswa kujua hilo kabla ya mabati kuondoka. Laiti ingekuwa Y132F au K143R, yanayojulikana kuleta usugu, ningekuwa na la kusema. Ila bila kimelea cha kwanza cha kulinganisha, hata hayo yasingenieleza yalianza lini.

Tena ERG11 inaweza kuwa safi kabisa na dawa bado ikashindwa. Upc2 ni protini inayowasha jeni za ergosteroli pale steroli inapopungua; badiliko moja katika jeni yake, kama G648D, huiacha ikiwasha muda wote, hata pasipo dawa, na kimeng'enya kikazalishwa kwa wingi kiasi kwamba dozi ya kawaida haitoshi kukiziba. Tac1, protini nyingine ya kuwasha jeni, ikipatwa na hali kama hiyo, pampu za Cdr1 na Cdr2 huitema dawa nje ya seli. Mrr1 hufanya vivyo hivyo kwa pampu nyingine, Mdr1. Vimelea vingine huongeza tu nakala za mkono wa kushoto wa kromosomu ya 5, ambako ERG11 na TAC1 zote zipo. Majibu ya ERG11 peke yake hayakuonyeshi lolote kati ya haya.

Kwa hiyo rudi maabara, fungua daftari la mapokezi, utafute jina la mgonjwa na uulize kama chupa yake ya kwanza ya gliseroli, iliyohifadhi kimelea cha kabla ya dawa, bado iko kwenye frigo au iliharibika umeme ulipokatika. Ukipata jozi, yaani kimelea cha kabla ya dawa na cha baadaye, pima dawa kwa vimelea vyote viwili siku moja, usome matokeo baada ya saa 24, kwa sababu ukingoja saa 48 ukuaji hafifu utakudanganya kuwa ni usugu. Halafu ndipo ulipie ERG11, UPC2, TAC1 na MRR1 za vyote viwili. Usipopata jozi, badilisha mada ya memwari wiki hii, kabla msimamizi wako hajatia saini.