Jibu: Boila ya gesti inatoa moshi mweusi baada ya kubadilishiwa nozeli

Ndugu, umesema boila yenu hapo Raskazone ni ya kilowati 20, fundi akaifunga nozeli (kichwa chenye tundu dogo kinachopulizia mafuta) ya 0.75 ili maji yapate moto haraka, sasa dohani inatema moshi mweusi. Nozeli hiyo ni kubwa mno. Lita moja ya dizeli ina takriban kilowati-saa 10, kwa hiyo hata ukihesabu joto linalopotelea kwenye dohani, lita 2.2 kwa saa zinatosha. Nozeli ya 0.50 kwa presha ya baa 10 inapitisha karibu lita 2.3 kwa saa, hiyo ya 0.75 inamwaga 3.4! Namba iliyochongwa kwenye nozeli ni galoni za Kimarekani kwa saa, kwa baa 7 tu, na hapo ndipo mafundi wengi wanapojichanganya. Nyuzi za mtawanyo (pembe ya mafuta yanavyotawanyika) fuata kitabu cha bana, yaani kichomeo: mafuta yakigusa ukuta wa chemba ya moto, masizi hayaishi.

Kwanza safisha masizi yaliyokwisha kuganda ndani ya boila. Weka nozeli ya 0.50, funga geji ya presha kwenye pampu ya mafuta, weka baa 10, kisha fungua hewa taratibu mpaka moshi ukatike. Jicho la moto (kihisi kinachoona mwali) lifute kwa kitambaa kikavu. Na tafadhali, nozeli usiizibue kwa waya. Tundu likikwaruzika mwali huenda upande.