Ukifika Komoro, anza na mataba

Ndugu, umeuliza ule nini katika siku zako nne za Komoro. Anza na mataba, tafadhali. Ni majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa tui la nazi mpaka yakalainika kabisa. Ni kisamvu kwetu sisi, ila wenzetu mara nyingi hutia samaki au nyama na kukila kwa wali. Huchukua muda jikoni, kwa hiyo mwombe mwenyeji wako mapema, maana cha nyumbani ndicho kitamu hasa. Asubuhi tafuta mkatra futra, mkate wa kikaangoni wenye tui na ufuta. Kamba koche wa vanila pia ni mzuri mno, na vanila yenyewe hulimwa hukohuko. Putu ni pilipili kali. Onja kidogo kwanza.