Barua kwa mwanangu: tazama chini ya shogi

Mikindani

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Mama yako kanisomea mara mbili, maana miwani yangu imevunjika mkono. Sisi hatujambo. Mvua zimekatika, mikorosho inatoa maua, na kaka yako yuko shambani anapuliza salfa.

Umeniuliza jambo moja. Mjukuu wangu ametimiza miaka 8, jirani yenu huko Arusha ana farasi watatu na anafundisha watoto kila Jumamosi, mtoto hapati usingizi kwa kuwazungumza, na mkwe wangu anasema ni hatari, tena ni kutupa fedha. "Baba, nimruhusu apande au nisimruhusu?" Nina siku ya nne na swali hilo. Kila nikitaka kulijibu, anayenijia ni Kashata, punda wetu.

Najua hukuniuliza habari za Kashata. Hujaniuliza tangu 1997, na sijui kama ni kwa heshima au kwa hasira.

Punda kwetu hawakuwa wengi, Mikindani nzima uliwahesabu kwa vidole, na wa kwetu alikuwa mmoja. Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na Kashata wake. Kwangu alikuwa chumvi na maji. Kwa mama yako alikuwa mdomo wa kulishwa. Kwa kaka yako alikuwa kitu cha kukimbiza wenzake. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Ulimpanda kutoka kwenye kile kisiki cha mnazi, mgongo mtupu, magoti umeyabana, vidole umevisokota kwenye manyoya ya shingo. Ukiinama kidogo mbele, anaondoka. Ukijirudisha nyuma, anasimama. Kaka yako alipanda kwa fimbo, wewe ulipanda kwa maneno, na ule mnong'ono wako kwenye sikio lake lililochanika mpaka leo sijui ulikuwa unasema nini.

Ile Idi Mosi, unaikumbuka? Ulitoka naye chini ya Boma mpaka sokoni, kanga ya mama yako umeifunga kiunoni, watu wakatoka mabarazani kukutazama. Bibi yako, Mungu amrehemu, akaniambia mtoto wa kike hatanui miguu juu ya punda. Sikumjibu. Nilikuwa nimejaa furaha hata neno halikutoka.

Mwisho wa mwaka huo ndipo mvua za El Niño zilipotuingilia. Chumvi ilikuwa bado imelundikwa kando ya madimbwi, na chumvi haingoji mvua. Nikamwambia kaka yako: safari nne kwa siku. Tulizoea mbili. Alikuwa na miaka 13. Shogi, lile kapu la miyaa la kumpakilia punda mgongoni, lilijazwa pande zote mbili, chumvi yenyewe mbichi, inachuruzika maji, na mgongoni tumeweka gunia la katani lililokunjwa, basi. Siku ya tano au ya sita Kashata alikataa kusimama apakiwe. Kaka yako akamvuta, akamchapa kwa kamba, akalikaza shogi kwa goti. Punda akageuka, akampiga teke, mkono wa kushoto ukavunjika. Unajua mpaka leo haunyooki sawasawa.

Mimi nilifika mtoto analia na jirani anasema, "Shukurani ya punda ni mateke." Nami nikaitikia. Nikalirudia neno hilo mbele ya watu wote, kwa sauti. Wewe ulikuwa umesimama kwenye mlango wa uani. Ulisema maneno matatu tu: "Baba, funua shogi." Nikakwambia nyamaza, ndugu yako amevunjika mkono, wewe unamtetea mnyama.

Sikufunua, mwanangu.

Wiki ile ile nikamuuza kwa bwana mmoja aliyekuwa anapandisha bidhaa bara, njia ya Masasi. Bei ya kutupa. Yeye ndiye aliyelivua shogi, mbele yangu, ili amkague. Gunia lilikuwa limegandamana na ngozi, akalibandua polepole, nikasikia sauti yake. Chini yake kidonda cha ukubwa wa kiganja changu, chekundu katikati, cheupe pembeni, na maji ya chumvi yameingia humo siku zote zile. Kashata hakupiga teke. Alitetemeka tu ngozi, kama anavyofukuza nzi. Yule bwana akanitazama, akapunguza bei tena, nami nikapokea.

Wewe ulikuwa unajua. Ulikuwa unajua kwa sababu ulikuwa unampapasa. Mimi niliyemnunua nilikuwa nahesabu safari.

Nimejitetea miaka mingi. Nasema: chumvi ingeyeyuka, tungekula nini? Ni kweli. Nasema: aliyempakia ni kaka yako. Si kweli, kaka yako alikuwa mtoto, na aliyesema safari nne ni mimi. Mama yako ananiambia niache, punda ni punda. Labda. Lakini mama yako naye, nikimtaja Kashata, huinuka akaenda jikoni.

Mwaka uliofuata nikakutana na yule bwana stendi ya Mtwara. Akaniambia punda hakumaliza miezi mitatu huko bara. Mbung'o, akasema, yule nzi anayeambukiza mifugo maradhi. Nikashusha pumzi. Nilishukuru kusikia ni mbung'o, ndivyo nilivyokuwa.

Baadaye ndipo nilipoelezwa vizuri habari za yule Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, ambaye bango lake tunalipita kila siku hapa mjini. Machi 1866 alishuka kwenye ghuba yetu hii na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama mmoja, nyumbu 2, wale chotara wa punda na farasi, na punda 4. Alitaka kuona kama wanyama hao watastahimili mbung'o. Akafuata nao njia ya Mto Ruvuma, wakafa mmoja baada ya mwingine. Na mwenyewe aliandika kwamba waliokabidhiwa wanyama waliwapiga, wakawapakia kupita kiasi, wakawaacha na majeraha, hata ikawa vigumu kujua nani kaua, mdudu au mtu. Niliposikia hivyo nilikaa kimya barazani mpaka Magharibi. Njia ni ile ile ya kutoka hapa kwenda bara, na kisingizio ni kile kile.

Basi hili ndilo ninaloliamini, na ndugu zako wamechoka kulisikia: ukitaka kumjua mtu na mnyama wake, usitazame anavyompanda. Tazama chini ya shogi.

Farasi nimemwona kwa macho yangu mara moja tu, wa polisi, Dar es Salaam. Huko kwenu baridi ya milimani inawafaa, mbung'o hayuko, wanaweza kuishi. Huku kwetu ni kumuua. Hatari anayoisema mkwe wangu ipo, sitaibeza. Farasi ni mrefu kuliko punda na anashtuka hata kwa mfuko wa plastiki. Mtoto avae kofia ngumu iliyomkaa, avae kiatu chenye kisigino kidogo mguu usipenye kwenye kikuku cha kukanyagia, asipite nyuma ya farasi kimyakimya. Hayo mwalimu yeyote mzuri atayasema siku ya kwanza, na asipoyasema ondokeni.

Mimi ningetaka kujua mengine. Mtoto atafika saa ngapi, na je, atamkuta farasi ameshatandikwa, anamngoja kama bodaboda? Au atapewa brashi kwanza? Atainua kwato na kuchokoa mawe? Akishuka, ni nani atakayelegeza mkanda wa tumbo na kuvua tandiko, yeye au kibarua? Kama kazi yake ni kupanda na kushuka tu, basi atajifunza nilichojifunza mimi, kuhesabu safari. Lakini akipewa saa moja ya kumfuta jasho na nusu saa ya kupanda, hapo atakuwa anajifunza ulichokijua wewe ukiwa na miaka 10 na hakuna aliyekufundisha.

Kuhusu fedha sitasema neno, nyumba ni yenu. Na kuhusu kumruhusu, mkwe wangu ni baba yake, na babu aliyeko Mikindani hawezi kutoa amri Arusha. Nimemwambia mama yako kwamba sitatoa hukumu. Akasema, "Mbona umeshaitoa." Sijaitoa. Ningekuwa nataka kuitoa ningesema kwamba mtoto asiyelala kwa kumuwazia mnyama si wa kuzuiliwa, bali ni wa kusimamiwa. Lakini sisemi hivyo. Nasema fikirini wawili, bila kugombana, na muulizeni na mtoto mwenyewe kama yuko tayari kwenda hata Jumamosi ambayo hatapanda.

Ombi langu ni moja. Kabla hamjaamua, nenda wewe mwenyewe pale kwa jirani, siku ambayo hakutarajii. Mwombe avue tandiko. Pitisha kiganja mgongoni toka mabegani kurudi nyuma, taratibu, pande zote mbili, uone kama farasi atanywea au atainua kichwa. Tazama na manyoya. Penye kidonda cha zamani cha tandiko mara nyingi huota manyoya meupe, hata kama farasi ni mweusi. Wewe mkono wako unajua, hauhitaji kufundishwa na mimi.

Kisha unipigie simu uniambie umekuta nini, usimwachie mama yako ujumbe, nataka kusikia kwako. Korosho kilo mbili nimempa dereva wa basi la kesho. Shogi la Kashata bado liko darini. Miyaa imeoza upande mmoja, lakini ukilitaka nitakutumia.

Baba yako