Utando wa kahawia kwenye tangi jipya la maji ya bahari

Ndugu, umesema tangi lako la kufugia viumbe wa baharini lina wiki tano, mchanga umegeuka kahawia, na unataka kumwaga maji yote uanze upya. Tafadhali usimwage! Utando huo kwa kawaida ni diatomu, mwani mdogo mno unaojijengea ganda la silika (madini yanayounda mchanga na kioo). Silika ikipungua majini, nao hufifia. Upapase kwa kidole: ukitimka kama vumbi laini, basi ndio wenyewe. Nyuzi za kijani zilizong'ang'ania mawe ni suala jingine: pima nitrati na fosfati (virutubisho vinavyolisha mwani), punguza chakula na saa za taa, zing'oe kwa mkono. Maji ya kujazia yawe yaliyochujwa kwa osmosisi kinyume (kusukumwa kupitia chujio laini mno), si ya bomba. Konokono husaidia sana, ila waingize amonia na nitriti (sumu zitokanazo na taka za tangini) zikisoma sifuri kwenye kipimo.