Kabla hujamwaga viazi, mtazame fukusi pua

Mwaka juzi nilimwaga magunia mawili ya viazi vitamu zizini kwa mbuzi. Shamba langu liko bonde la Lukuledi, upande wa Mingoyo, mkoani Lindi. Siku ya kuchimba nikakuta kila kiazi kina mifereji juu ya ganda, kama mtoto kapita na msumari. Fukusi huyo, nikasema, na fukusi akishaingia kiazi ni kichungu. Mama mkwe akaokota vitatu, akamenya akizamisha kisu kidogo, akachemsha. Vitamu! "Mkwe wangu, umewapa mbuzi futari." Hadi leo ananitania.

Kumbe fukusi si mmoja. Yule wa uchungu ni Cylas: mweusi, mwembamba, ukimwona kwa haraka utasema sisimizi. Pua yake ni ndefu, vipapasio vya kichwani vimenyooka na nchani vina kirungu. Funza wake hutoboa kiazi hadi moyoni, nacho katika kujihami ndipo kinatoa ule uchungu. Hicho hata mbuzi usimpe.

Wangu alikuwa Blosyrus, wa kundi la fukusi wenye pua pana. Kumpata ni kazi, maana mchana hujificha chini ya majani. Nilifunua majani makavu chini ya tuta, nikaokota kibonge cha udongo, nikakiweka kiganjani. Kimya. Nikakaribia kukitupa, kibonge kikatoa miguu! Mgongo umejaa matuta na mabonde, rangi ni ya udongo mtupu. Pua fupi, pana, utadhani imekatwa, na vipapasio vimepinda kama kiwiko. Usihukumu kwa matembele yaliyoliwa kingo tu. Wadudu wengi hula majani.

Funza wake anaishi udongoni na kuguguna kiazi kwa nje, basi ile dawa niliyopuliza majani wakati viazi vimeshachorwa ilikuwa hela ya bure. Sasa nahamisha viazi shamba jingine kila msimu, mbali na lile la zamani, na masalia nayaokota yote. Kuinulia udongo kwenye tuta naendelea nako kwa ajili ya yule Cylas, kwani yeye hupenya kwenye nyufa.

Sokoni vyenye mifereji bado havina bei, mchuuzi akiviona anapita. Tunakula wenyewe. Mbuzi siku hizi wanapata maganda.