Côtes du Rhône si jina la zabibu, mdogo wangu

Juzi binti mmoja anayehudumu kwenye hoteli ya watalii Nungwi kaniandikia: "Kaka, mgeni kaniuliza huu mvinyo wa Côtes du Rhône ni wa zabibu gani, nikababaika. Nianzie wapi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo liliwahi kunivua nguo Avignon, Ufaransa.

Nilikuwa weita mpya, Kifaransa cha kuokoteza. Mzee mmoja akauliza zabibu gani zimo. Nikajibu kifua mbele: "Côtes du Rhône, bwana." Meza nzima ikaangua kicheko. Mkuu wa zamu akaninyang'anya chupa, akamimina mwenyewe, mimi nimesimama na kitambaa mkononi kama msukule. Kile kicheko nakisikia mpaka leo.

Basi sikia. Hilo ni jina la mahali: miteremko ya bonde la mto Rhône, kuanzia Vienne kushuka hadi Avignon. Linalindwa kisheria tangu 1937, na sheria hiyo ndiyo inayopanga mizabibu ipi itumike, kwa hiyo chupa nyingi hazihangaiki kuitaja.

Mimi haya sikuyapata darasani. Septemba ile niliomba kibarua cha kuvuna, karibu na mji wa Orange. Kule kuna upepo wanauita mistral, unashuka kutoka kaskazini na baridi yake, kofia haikai kichwani. Niliulaani siku mbili. Ya tatu, mvua ilipokatika, kufika adhuhuri vichala vilikuwa vikavu na ukungu haukupata pa kushika. Nikaelewa pia kwa nini mizabibu ya aina ya Grenache ilikatwa mifupi kama kichaka ilhali ile ya Syrah imefungwa kwenye waya: machipukizi ya Syrah huvunjika upepo ukivuma.

Mwenye shamba alinitafunisha kila aina, ganda na mbegu. Grenache tamu, ganda jembamba. Syrah iliniachia wino vidoleni. Mourvèdre, lo! Ukakasi wa bibo, nikajiona nimerudi Mtwara. Ukinywa mvinyo wa mchanganyiko wa kusini mwa Rhône utawakuta wote: Grenache inaleta tunda na kilevi, Syrah rangi na harufu ya pilipili manga, Mourvèdre ule ukakasi unaokausha ufizi. Na mgeni akisema "drai" hazungumzii ukakasi. Anataka mvinyo ambao sukari yake imeliwa na hamira ikaisha.

Ushauri wangu ni onja. Onja tena. Vijana mnakariri majina ya Kifaransa kama dua, mnapiga picha na chupa, lakini mkiambiwa mtafune ganda la zabibu mnaona mmedhalilishwa. Mimi nimedhalilishwa kweli, najua tofauti.

Halafu, mdogo wangu, usikubali mtu akuambie mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Chumba walichokuwa wakikisema ni cha mawe, Ulaya, nyuzi 16 hivi. Chumba cha Nungwi ni 30. Itie chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kuipeleka mezani, na bosi akiguna, mmiminie glasi mbili: moja ya friji, moja ya rafuni.